Tikisa, Sikiliza

Kila Jumatano nikitoka shule, ratiba yangu ilikuwa ile ile: navua sare, naifua, naianika, nachota maji ndoo mbili, halafu natimua mbio hadi uwanja wa gofu. Shangazi, aliyenilea tangu nikiwa mchanga, alikuwa akifua mataulo ya wanachama wa klabu pale pale uwanjani, kwa hiyo nikichelewa ananiona. Watoto kumi na wawili tulifundishwa bure, na kwa miezi mitatu tulipokezana fimbo mbili tu. Unapiga mpira mmoja, unampa mwenzako, unasubiri mpaka miguu ife ganzi.

Ndiyo maana kocha alipotangaza kwamba wanachama wametuachia fimbo zao za zamani, na kila mmoja atachagua seti yake ya kwanza, nilipiga kelele mpaka shangazi akachungulia dirishani.

Fimbo zilipangwa kwenye karakana ya fundi, mzee mfupi mwenye vidole vilivyojaa gundi kavu. Alitupima mmoja mmoja kwa utepe, kutoka kifundo cha mkono hadi sakafuni.

"Wajukuu zangu, anayeanza hahitaji fimbo kumi na nne kama wakubwa. Tano zinamtosha," alisema. "Usichague inayong'aa, chagua inayokufaa. Na kila siku kabla ya kucheza, itikise sikioni. Tikisa, sikiliza. Ukisikia kitu kinagonga, kichwa cha chuma kinachopiga mpira kimelegea. Niletee niibandike. Nimezikagua zote, lakini gundi ni gundi, huachia wakati wowote."

Rafiki yangu tulimwita Cheko, maana alicheka hata akikanyaga mwiba. Yeye alichukua fimbo tano fupi, zimechubuka kweli kweli. Mimi nilichukua nne za kawaida, ya tano nikang'ang'ania moja ndefu ya fedha, iliyokuwa ya mtu mzima.

"Njiti, hiyo ndefu mno kwako," fundi aliniambia, kwa jina la utani nililopewa kwa wembamba wangu.

"Nitakua, babu!"

"Utakua, ndiyo. Leo je?" Alikuna kidevu. "Haya, jaribu wiki moja. Ikikushinda nampa mwingine."

Kila mtoto alipewa utepe wa rangi yake azungushie fimbo zake alama. Wangu ulikuwa mwekundu. Nyumbani niliitikisa fimbo yangu ya fedha sikioni. Tik, tik. Nikaitikisa tena. Tik, tik. Jamani, nilisikia vizuri kabisa! Lakini niliwaza, nikimpelekea fundi hatanirudishia tena, atasema, "Si nilikwambia ni ndefu?" Basi nikachukua ule utepe mwekundu, nikaizungushia shingoni, pale kichwa kinapoingia, raundi kumi za nguvu. Nikaitikisa. Kimya. Nikalala nikitabasamu, mjinga mimi.

Jumatano iliyofuata fundi alipita mbele yetu. "Mmetikisa?"

"Tumetikisa!" tulijibu, na sauti yangu ilikuwa juu kuliko zote. Kila fimbo ilikuwa na utepe, nani angeushangaa wangu?

Mpira wa kwanza ulienda mbali, nikashangiliwa. Wa pili pia. Wa tatu, nilipozungusha mikono, fimbo ikawa nyepesi ghafla. Kichwa kilikuwa kimechomoka. Cheko alikuwa amesimama nyuma ya mstari, mahali alipoamriwa kusimama. Sikumsikia akilia. Nilimwona tu amepiga magoti, kiganja usoni, damu ikipita katikati ya vidole.

Daktari alisema jicho la kulia halitaona tena.

Meneja wa uwanja alimwita fundi, akamwambia amewapa watoto fimbo mbovu. Fundi alisema alizikagua. Hakuna aliyemwamini. Akapewa mpaka Jumamosi arudishe funguo za karakana, baada ya miaka ishirini na sita ya kazi. Mimi nilijua, nikanyamaza. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilimwogopa mama yake Cheko, niliwaogopa polisi, niliogopa hata kivuli changu.

Ijumaa jioni shangazi alikuwa akikunja nguo. "Yule mzee anajilaumu," alisema. "Anasema labda macho yake yamechoka, hakuona vizuri wakati wa kubandika."

Hapo nilishindwa. Nilimwambia yote, kamasi na machozi vikinitoka pamoja. Nilitegemea kofi. Shangazi aliweka chini nguo aliyokuwa akikunja, akasema, "Vaa viatu."

Nilisema mbele ya meneja, mbele ya fundi, na mbele ya mama yake Cheko. Mama huyo alinitazama mpaka nikatamani ardhi inimeze. "Mtoe mbele yangu," alimwambia shangazi. Hakuniita kwa jina.

Fundi alirudishiwa funguo zake. Alinichukua hadi karakana, akaketi kwenye kigoda chake.

"Fimbo ilikwambia ukweli, wewe ukaifunga mdomo," alisema. "Ukiogopa kunyang'anywa kitu, ndipo unapopaswa kusema upesi. Ungeniletea, ningeibandika kwa nusu saa, na mwenzako angekuwa na macho mawili. Kusema kwako leo kumeniokoa mimi. Hakukumwokoa yeye. Ukumbuke yote mawili."

Fimbo ndefu aliikata vipande kwa msumeno, isitumiwe tena na mtu. Tangu hapo, kila Jumatano kabla ya mpira wa kwanza, natikisa fimbo zote za watoto, moja moja, wenzangu wakinitazama.

Mwezi wa tatu baada ya ajali, Cheko alirudi. Nilizitikisa fimbo zake tano kwa makini, nikamkabidhi kwa mikono miwili.

"Nisamehe," nilimwambia.

Hakucheka. Alizipokea, akaziinua sikioni, akazitikisa zote upya, mwenyewe.