Milimita Kumi na Mbili

Kila siku saa tatu asubuhi Raya aliomba ruhusa, akatoka darasa la sita na kwenda nyuma ya shule, kwenye uzio mdogo wa seng'enge. Ndani ya uzio kulikuwa na kipimamvua: mkebe wa bati uliosimikwa ardhini, wenye faneli juu na chupa ndani. Raya aliyamimina maji ya chupa katika bomba la kioo lenye mistari, akainama mpaka jicho lake likawa sawa na maji, akasoma. Aliandika namba kwenye daftari, akampelekea Mwalimu Yustina, naye mwalimu akaituma kwa simu ofisi ya maji, Morogoro Mjini.

Shule yao ilikuwa Lukwembe, juu kabisa kwenye milima ya Uluguru, ambako ukungu huingia madarasani kupitia madirisha. Chini yao, mwendo wa saa moja kwa mguu, kilikuwa kijiji cha Kisosa, kando ya mto.

"Siku hizi bahari ina joto zaidi, na mawingu yanabeba maji mengi zaidi," Mwalimu Yustina aliwaeleza siku serikali ilipoleta kipimamvua kile. "Mvua iliyokuwa ikinyesha taratibu wiki nzima, sasa inaanguka yote siku moja. Ikizidi milimita hamsini huku juu, ofisi inawapigia simu watu wa Kisosa wahame kabla maji hayajafika."

Masika yaliyopita walipigiwa mara mbili. Mara zote mbili walibeba magodoro na kuku wao hadi kwenye mwinuko wa zahanati, na mto ulipofurika haukumkuta mtu.

Raya alimfahamu mmoja wao vizuri. Mzee Rehani alilima kabichi na matunda damu ukingoni mwa mto, akiishi na binti yake, Bi Nasra. Watoto wa Lukwembe waliposhuka kwenda mashineni kusaga mahindi, aliwapa tunda mojamoja. Simu yake aliiweka mfukoni mwa shati, na sauti yake aliipandisha hadi mwisho.

Hata siku za mapumziko Raya alipaswa kupanda shuleni kupima, lakini Jumapili moja ya Aprili hakwenda.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu Jumamosi jioni. Asubuhi ilibaki manyunyu, baridi kali, na njia ya kwenda shule ilikuwa tope tupu. Binamu yake Shakila alikuwa amekuja kutoka Msamvu, anamsuka nywele barazani. Nusu ya kichwa ilikuwa tayari. Mama alikuwa amekwenda kwa jirani mgonjwa na kuiacha simu yake nyumbani. Ilipofika saa tatu, simu ikaita. Alikuwa Mwalimu Yustina, ambaye Jumapili ile alikuwa Kilakala akimuuguza mama yake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umeshapima? Leo tumepata ngapi?"

Raya aliitazama mvua nyembamba iliyokuwa ikidondoka uani. "Kumi na mbili, mwalimu."

"Kumi na mbili tu? Basi, nashukuru. Ninaituma sasa hivi."

"Umepima saa ngapi wewe?" Shakila akauliza.

"Endelea kusuka," Raya akasema.

Saa nane mchana walisikia mngurumo. Raya alidhani ni lori linapanda mlima, lakini sauti ile haikupita. Ilikaa palepale bondeni, ikakua. Watu walikimbilia ukingo wa kijiji, naye akawafuata. Ukungu ulikuwa umeondoka na huko chini jua linawaka. Mto ulikuwa mwekundu, mpana mara tano ya kawaida, unabeba magogo na migomba mizima. Pale palipokuwa na kabichi za Mzee Rehani palikuwa na maji.

Jioni habari zikapanda mlima. Nyumba nne zimekwenda. Watu wote wameonekana isipokuwa mzee mmoja. Walipoipigia simu yake iliita mara tatu, kisha haikuita tena.

Jumatatu Raya aliwahi shule kuliko wote. Alifungua kipimamvua, akakuta chupa imejaa na kufurika hadi ndani ya mkebe. Alimimina maji katika bomba, akasoma, akamwaga, akamimina tena. Alijumlisha mara mbili. Themanini na tatu. Usiku uliotangulia mvua haikunyesha kabisa. Maji yote yale yalikuwa ya kipimo cha Jumapili, kile alichokiruka.

Aliyamwaga kwenye nyasi, nayo yakazama bila sauti. Katika daftari akaandika: sifuri.

Siku ya tatu Mzee Rehani alipatikana kwenye matete, mbali sana upande wa chini wa mto. Raya alikwenda msibani na mama yake. Walikaa mkekani na wanawake wengine, na Bi Nasra alikuwa akirudia maneno yaleyale kwa kila aliyeingia.

"Nilimwambia baba, tupande, mto umebadilika rangi. Akaitoa simu, akaitazama. Akasema, hawajapiga. Wangekuwa wanajua kitu wangepiga. Mimi nikatangulia na mbuzi, yeye akabaki anakata kabichi."

Mama alimshika Raya mkono. "Mbona una baridi hivi, mwanangu?"

Tangu siku ile Raya hakuwa mzima. Darasani chaki ilipogusa ubao alisikia mto. Kila simu iliyoita njiani ilimfanya asimame, na ilipokatika bila kupokelewa alitokwa na jasho. Alipima mvua kila siku, Jumapili pia, hata kulipokuwa kukavu. Alipoinama kusoma bomba aliona kama kuna mtu amesimama nje ya uzio, mikono nyuma, anangoja kuambiwa. Akigeuka, hapakuwa na mtu.

Wiki ya pili alifika afisa wa maji kwa pikipiki, Bwana Mansuri, viatu vimejaa tope. Alikikagua kipimamvua, akakipiga kwa kidole, akapekua daftari. Raya alikuwa amesimama kando na Mwalimu Yustina.

"Mwalimu, sielewi," afisa akasema. "Mto ulipanda mita tatu, na kituo chenu kinasema kumi na mbili. Chombo hiki hakiaminiki. Nimeagizwa nikiondoe, na mpango wa kuwapigia simu watu wa Kisosa usimame mpaka fedha za chombo kingine zitakapopatikana. Pengine mwaka kesho."

"Na masika bado hayajaisha?" Mwalimu akauliza.

"Ndiyo hivyo. Afadhali wasipigiwe kabisa kuliko watuamini nasi tuwadanganye."

Alichukua koleo, akaanza kuchimba. Raya alitazama udongo unavyotoka. Angeweza kunyamaza. Kipimamvua kingeondoka, na hakuna ambaye angejua kamwe. Lakini watu wa Kisosa wangeendelea kuzitazama simu zao.

"Kinapima vizuri," akasema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Chombo kinapima vizuri. Mimi sikupima. Nilikuwa nasukwa nywele, nikataja namba ya kichwani. Jumatatu nikakuta themanini na tatu, nikamwaga."

Koleo lilisimama. Mwalimu Yustina alifunika mdomo kwa kiganja. Bwana Mansuri akakaa chini kwenye nyasi zenye umande.

"Na mimi nililetewa namba hiyo Jumapili," akasema taratibu. "Nikaona mawingu meusi mlimani kutoka dirishani kwangu. Sikupiga simu kuuliza."

"Nami nilishangaa, nikaituma hivyohivyo," Mwalimu akasema. "Tumeweka roho za kijiji kizima kwa mtoto mmoja, hata siku za mapumziko. Kosa hili si la Raya peke yake. Lakini lake lipo, na lazima aende kulisema."

Walishuka Kisosa wote watatu, pamoja na mama yake Raya. Bi Nasra aliwasikiliza akiwa amesimama mlangoni kwa ndugu yake, alikohamia. Raya alisema yote, hakuacha hata habari ya kusukwa nywele.

Bi Nasra alimtazama hadi Raya akashindwa kuinua macho. "Sijui kama nitakusamehe," akasema. "Leo siwezi. Lakini kesho saa tatu uende ukapime. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Kipimamvua kilibaki. Wanafunzi wakawa wanapima wawili wawili, na mwalimu wa zamu akasoma pamoja nao kabla namba haijatumwa. Ofisi ya maji ilikubali kwamba mtu wa Kisosa atapigiwa simu kila siku ya masika, mvua iwepo isiwepo, ili ukimya usidhaniwe kuwa usalama. Halmashauri iliweka vigingi mita sitini kutoka mtoni, kuonyesha mwisho wa kujenga na kulima, na waliosombewa nyumba wakapewa viwanja juu. Lukwembe nako watu waliacha kulima hadi ukingoni mwa kijito chao. Mama yake Raya aling'oa mahindi yake ya ukingoni na kupanda miti.

Mwaka uliofuata, mwezi Machi, Raya na Athanas wa darasa la tano walisoma sabini na nne. Mwalimu alisoma, akatuma. Kabla ya saa nne Kisosa yote ilikuwa kwenye mwinuko wa zahanati. Maji yalifika mchana, yakachukua zizi tupu na vigingi vitatu.

Siku iliyofuata Bi Nasra alipanda Lukwembe kwa miguu. Aliwakuta wanafunzi mstarini, akaomba kusema.

"Joto la dunia halikuanzia kijijini kwetu, na hatuwezi kulizima sisi peke yetu," akasema. "Serikali ina kazi yake, nasi tuna yetu. Lakini serikali haioni mlima huu. Inaona namba mnayoituma. Ikiwa ya uongo, itapanga kwa uongo, na atakayelipa ni mtu wa mtoni ambaye hamumwoni. Semeni kweli hata pale mnapodhani hakuna anayesubiri. Yupo anayesubiri."

Kisha akamwendea Raya, akamwekea mkono begani. Hakusema kwamba amemsamehe, na Raya hakuuliza. Walisimama hivyo mpaka kengele ikalia, na Bi Nasra akaanza kuteremka.