Ndevu za Livia

Kila jioni binti wa fundi cherehani alikaa karibu na mama yake, akiokota nyuzi na kupiga domo. Shuleni walimwita Kasuku. Kuongea alikuwa hachoki, lakini kusoma alikuwa anakuahirisha kila siku.

Wiki ile mwalimu wa historia alimpa nafasi aliyoililia mwaka mzima: kuvaa kama Livia wa Roma ya kale na kueleza maisha yake mbele ya wazazi. Akiboronga kwenye mazoezi ya mwisho, nafasi ingekwenda kwa mwenzake wa dawati, msomaji hodari.

"Huyo Livia ni mtu wa namna gani, nimshonee?" mama aliuliza, pini mdomoni.

Kasuku alifungua kitabu, akasoma mstari wa kwanza, akakifunga. "Alikuwa mtu mwenye nguvu sana Roma."

"Nguvu hasa?"

"Za kutisha, mama!"

Basi mama akashona mabega mapana yaliyojaa pamba na mkanda wa mpiga mieleka. Pamba iliyobaki aliitengenezea ndevu.

Asubuhi ya mazoezi ya mwisho Kasuku aliingia darasani akitunisha kifua. "Mimi ndimi Livia! Nilimbeba Kaisari kwa mkono mmoja!"

Darasa likaangua kicheko. Mwenzake wa dawati alicheka mpaka akaanguka chini.

"Shikamoo, bwana Livia," mwalimu alisema. "Mumeo hajambo?"

"Mume?" Ndevu zilichomoka kwenye sikio moja, zikaning'inia.

"Livia alikuwa mke wa Kaisari Augusto, yule ambaye mwezi wa Agosti umepewa jina lake. Nguvu yake haikuwa ya misuli, mwanangu. Kaisari alitaka ushauri wake katika mambo ya utawala, na baadaye mtoto wa Livia akawa Kaisari. Sura hii umeisoma?"

Ulimi ulimwasha Kasuku aseme kitabu kilikosea. Lakini aliona aibu, machozi yakamlengalenga. "Sijaisoma, mwalimu. Nilisoma mstari mmoja tu."

Mwalimu alimfungulia kitabu. "Kwa kuwa umesema kweli, nafasi bado ni yako. Wazazi wanakuja mchana. Kasome."

Kasuku hakutoka kucheza. Alisoma mpaka mwisho, akarudia, na mwenzake wa dawati akamwuliza maswali. Mama alipofika na kusikia habari, alitoa mkasi mkobani, akafumua mabega huku akicheka peke yake. Mkanda ukawa utepe wa nywele.

Mchana Kasuku alisimama, akaeleza yote bila kubabaika: ndoa, mali aliyoisimamia Livia mwenyewe, ushauri wake, mwanawe. Wazazi walipiga makofi, na mama kuliko wote.

"Wanafunzi," mwalimu alisema, "mtu akisoma mstari mmoja, mengine yote atayabuni. Leo Kasuku alimbunia Livia ndevu, tukacheka. Kesho mtu atabuniwa wizi, na hapo hatacheka yeyote. Someni mpaka mwisho, na msichokijua semeni hamkijui."

"Na mafundi nao," mama akadakia kutoka nyuma, "waulize kwanza kama mteja ni mwanamke!"