Mguu wa Sidonia

Soko la Majengo lilifurika Jumamosi ile, na Noeli, fundi cherehani, hakuinua macho mpaka magongo mawili yaliposimama mbele ya mashine yake. Aliyeyashika alikuwa msichana mrefu, mweusi wa kung'aa, kavaa fulana ya njano na khanga kiunoni. Mguu wake wa kulia ulikuwa umefungwa hogo jeupe, gumu, toka kwenye vidole hadi juu ya goti. Akatoa suruali mpya ya mazoezi, akaomba ipasuliwe upande mmoja.

"Suruali nzima hii niipasue?"

"Kilichovunjika ni mguu, fundi. Mazoezi hayajavunjika."

Noeli akacheka, akasahau wateja wote waliomngoja.

Aliitwa Sidonia, mzaliwa wa Chemba, mkimbiaji wa mbio ndefu. Alikanyaga jiwe korongoni akiteremka mbio, mfupa wa muundi ukakatika, na mashindano ya taifa yakampita. Hayo alimsimulia kwa simu, maana simu zilianza jioni ile ile na hazikukoma. Noeli alipokwenda kumtembelea Mkonze, kwa dada yake Josephine, alimkuta kaketi mkekani akinyanyua madumu ya maji, jasho likimchuruzika, hogo kalinyoosha mbele. Siku nyingine alimkuta akilia. Akafuta machozi kwa pindo la khanga, akamkaribisha, akarudi kwenye madumu yake. Noeli alirudi mjini akijiuliza mtu yule ameumbwa kwa udongo gani.

Hogo lilipofunguliwa, mguu ulikuwa umesinyaa, umebaki mwembamba kama wa mtoto. Huruma ikamzidi Noeli.

"Mpenzi, achana na mbio," alisema. "Nitakuoa, ukae utulie. Kwangu hutakosa kitu."

Sidonia alimtazama. "Kumbe uliyempenda ni mgonjwa. Basi mgonjwa huyo anapona, Noeli."

Tangu hapo hakupokea simu yake. Noeli akawa anashona kombo, wateja wakalalamika. Mwanzoni alijiona kaonewa. Mtu kutaka kuoa, kosa liko wapi? Lakini kila alipomkumbuka, alimkumbuka pale mkekani, akinyanyua madumu. Taratibu akaelewa kwamba alimtaka aache kitu kile kile kilichomfanya ampende.

Ndipo Josephine akampigia, akamwambia daktari kamruhusu mdogo wake kukimbia, na kwamba angeanza kesho alfajiri. "Mimi lakini sijakwambia kitu, shemeji."

Jua lilimkuta Noeli barabarani, viatu vya kanisani miguuni. Sidonia akampita bila salamu, akikimbia polepole, akichechemea kidogo. Noeli akamfuata, pumzi zikimwishia. Kwenye mwinuko mguu ukamgomea Sidonia. Akainama, uso umemkunjamana kwa maumivu. Noeli akasimama nyuma yake. Mikono ilimwasha kwa hamu ya kumshika, lakini hakumshika.

"Mbona hunishiki?" Sidonia akauliza bila kugeuka.

"Hujaniomba."

Sidonia akafuta jasho usoni. Kisha akajinyoosha, akaanza tena, hatua fupi fupi, mpaka juu kabisa. Huko akageuka, akamsubiri.

"Ile habari ya ndoa," alisema, "iseme tena. Ila lile la kukaa nitulie, liruke."

Noeli hakuwa na pumzi ya kusema neno. Akapiga goti vumbini na suruali yake nyeupe.

Sidonia akacheka. "Haya, nimekubali. Inuka, mume wangu, bado kurudi."