Kipimo cha Bi Salama

Daktari Mwangangi alitaja maneno matatu, lakini Bi Salama akarudisha manne. Mbuzi, kiatu, mvua, halafu, kwa sauti ya chini, "Mutindi." Daktari akaduwaa. Mutindi alikuwa mgonjwa aliyefia kwenye kitanda hicho hicho cha hospitali kabla Bi Salama hajaletwa.

Fahima, binti ya Bi Salama, hakujali. Tangu mama yake apigwe na kiharusi, kila alasiri daktari alimtajia maneno, akamzungumzisha mengine kidogo, kisha akamuuliza yale ya kwanza, na mama akabaki kutazama ukuta. Hata Fahima, mwanawe wa pekee, mama alimwita dada. Leo mama alimshika mkono akasema, "Fahima wangu." Fahima akalia kwa furaha mbele ya wodi nzima.

Mama akaruhusiwa kurudi nyumbani kwao Mwingi, na balaa likaanzia hapo. Chumba kilinuka nywele zilizoungua. Mama sasa hakusahau chochote: alijua jirani wamenong'ona nini jikoni kwao, alijua Fahima ameota nini, na jioni moja, Fahima akimlisha uji, alirudia neno kwa neno ile dua ya siri ambayo binti huyo aliisoma kimoyomoyo kule hospitalini, alipochoka kuuguza, kwamba Mungu amchukue mama apumzike, na wakati wote huo midomo ya mama haikutikisika hata kidogo, kwa maana sauti ilitoka chini ya kitanda.

Kesho yake Ustadh Abdallah akaja kumsomea. Alisoma mpaka sauti ikamkauka, kitanda kikatetemeka, harufu ikaisha. Mama akalala kimya.

"Mpime vile daktari alikuwa anampima," ustadh akamwambia Fahima polepole. "Akisahau, jua huyo ndio mama yako."

Fahima akataja sufuria, mlango, ndizi. Wakaongea habari za jua na vumbi, kisha akauliza.

"Sikumbuki," mama akasema.

Ustadh akamshukuru Mungu, akaaga. Fahima naye alishukuru, na kwa kweli alitaka kushukuru. Akamfunika mama vizuri.

"Asante, dada," mama akasema kwa upole. "Kwenu ni wapi? Mama yako hakutafuti?"

Fahima akainuka. Kisha akafunga mlango, akapiga magoti, akainama mpaka shavu likagusa sakafu, akatazama chini ya kitanda.

"Rudi," akanong'ona.

Juu ya kitanda, mama akamwita kwa jina lake.