Babu wa Kuokota

Kikohozi kilitoka nyuma ya jiwe la kaburi, jua likiwa utosini, na Masha akadhani ni mzee wa kanisa anayesafisha koo. Hakugeuka kutazama. Watu wanaojiona huwa hawageuki.

Ilikuwa mwaka wa arobaini na saba, makaburini kwa misheni, Kisauni. Kanisa lilikuwa likitafuta koo za watu wa kwanza, wale waliofyeka msitu na kuchoma chokaa ya kujengea, ili wajukuu wao wakae benchi la mbele siku ya sherehe. Kila ukoo ulisimama kwenye jiwe lake, ukang'oa magugu, ukamwaga maji upande wa kichwa na kujitaja. Wazee walisema si tambiko, ni heshima tu. Basi na iwe heshima.

Masha, karani wa bandarini, mvaa kaptura yenye pasi na soksi za magotini, hakuwa na jiwe. Babu yake alikuwa Gona, mgema wa Mwakirunge, aliyelala chini ya pande la tumbawe lisilo na herufi hata moja. Mgema gani atampa mtu benchi la mbele? Kwa hiyo Masha alizunguka makaburini akichagua babu kama mtu achaguaye papa sokoni, mpaka akampata Zakaria Mabruki, mwenye msalaba mzuri na maandishi ya kuchonga. Kaburi hilo halikuwa na mtu wa kulisimamia. Mwenye akili angejiuliza kwa nini.

"Babu Zakaria," alisema, akipaza sauti ili wazee wasikie, "mimi Masha, mjukuu wako. Mke wangu ana mimba. Mtoto atakayezaliwa ni wako, nitampa jina lako."

Hapo ndipo kikohozi kile kilipotoka.

Masha alipata benchi lake. Nyamvula, mkewe, akapata mengine. Mwanamke huyu alikuwa amezika watoto wawili kabla hawajafikisha arobaini, na mimba hii aliibeba kama maji kwenye kifuu. Mumewe aliondoka asubuhi kwenda kazini, akamwacha peke yake, na kila adhuhuri, kuku wanapojibanza kivulini na majirani wamelala, nyumba ikajaa harufu ya chokaa mbichi.

Kisha ikaja sauti mlangoni. "Hodi."

Nyamvula alilelewa vizuri. Anayeitwa saa sita mchana na mtu asiyemwona haitiki. Alikaa na mkono tumboni, na kila sauti ile ilipobisha mtoto aligeuka ndani kama anayetaka kutoka.

"Mume wangu, ni nani ulomwita kule makaburini?" alimwuliza jioni, kwa sauti ya chini.

"Nimemwita babu yangu."

"Babu yako ni Gona. Mimi nimefagia kaburi lake kwa mkono huu."

"Usilitaje jina hilo hapa, majirani watasikia," Masha alinong'ona, na kwa kweli aliogopa majirani kuliko kitu kingine chochote duniani.

Nyamvula akapita njia ya nyuma mpaka mtaa wa Ziwa la Ng'ombe, kwa Mbeyu, mganga ambaye Wakristo wote walimkana na wote walijua nyumba yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Umekuja na harufu ya tanuri la chokaa."

Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatema mate. "Zakaria namjua. Alikufa bila mtoto, hakuna aliyemtaja tena. Yeye mwenyewe keshakwenda zake kwa Mungu. Lakini jina lisilotajwa ni nyumba tupu, na nyumba tupu haikosi mpangaji. Mumeo ameliita jini kwa jina la mtu, akaliahidi mtoto. Sasa laja kuchukua chake."

"Nifanye nini?"

"Neno lililosemwa mbele ya watu lafutwa mbele ya watu hao hao. Na aseme babu yake ni nani. Basi. Sitaki kuku wala kaniki."

Dawa gani nyepesi kuliko hiyo? Lakini Masha alicheka puani. Akasema hawezi kusimama kanisani kujiita mjukuu wa mgema kwa sababu ya ndoto za mwanamke mwenye mimba. Kumbe mtu anaweza kuuza mwanawe kwa ubao wa kukalia.

Jumapili Nyamvula alisimama mwenyewe, miguu imevimba, akashika benchi la mbele yake. "Babu ya mume wangu ni Gona, mgema wa Mwakirunge. Zakaria si wetu. Mtoto huyu ni wa Gona."

Kanisa liliguna, kisha likacheka. Tumboni mtoto akatulia. Masha alitoka nje kwa aibu, uso umemsawijika, akaenda moja kwa moja makaburini, jua likiwa limesimama, na Phineas, mwashi wa bara aliyekuwa akitengeneza ukuta, alimwona amepiga magoti na kulikumbatia jiwe la Zakaria, akisema usiwasikilize, babu, mimi ni wako, mimi ni wako peke yako, na Phineas aliapa baadaye kwamba alisikia kikohozi, na baada ya kikohozi sauti nzito ikisema, "Mjukuu wangu," na Masha, aliyekuwa haitiki hata salamu za wachukuzi, akaitika, "Labeka."

Hakurudi nyumbani. Bandarini waliweka karani mwingine. Nyamvula akajifungua salama, mtoto wa kiume, akamwita Gona, na arobaini ikapita akiwa hai, mnene, mwenye kelele. Nyumba haikunuka tena ila moshi na maziwa.

Siku moja adhuhuri, akiwa amekaa chumbani na mtoto mapajani, harufu ya chokaa ikaingia taratibu chini ya mlango, na kwenye ufa wa mbao akaona kaptura iliyokuwa na pasi zamani na soksi za magotini zilizogandamana na udongo mweupe, na miguu ile aliijua, alikuwa ameifulia soksi miaka sita, lakini kikohozi kilichotoka juu yake hakikuwa cha mumewe.

"Hodi," ilisema sauti. "Nimekuja kumtazama mjukuu. Niliahidiwa."

Mtoto aligeuza kichwa kuelekea mlangoni, akatabasamu, akafungua kinywa, na mama yake akamtia titi haraka, asije akaitika.