Viti Vitupu vya Mereana

Kulikuwa na maneno yaliyozunguka kijijini Otarawai msimu ule wa baridi, na Mereana alishindwa kuyatoa kichwani. Watu walisema kwamba ile leseni ya masharti wanayopewa vijana inakataza kubeba abiria, ndiyo, lakini abiria maana yake ni watu baki. Ndugu hawahesabiwi.

Nani aliyeyaanzisha, hakuna aliyejua. Kila aliyeyasimulia alikuwa ameyapata kwa mtu anayemwamini, na huyo naye kwa mwingine. Na Otarawai nzima, kuanzia kanisani mpaka mto unapoingia baharini, nani asiye ndugu wa mwenzake?

Mereana alikuwa na miaka kumi na saba kasoro miezi michache. Alipotimiza kumi na sita alifanya mtihani wa maswali akapata leseni ya mwanafunzi. Miezi mingi akaendesha na vibao vya njano vyenye herufi L mbele na nyuma, Mama amekaa pembeni ameshika mkono wa mlango kana kwamba gari litaruka. "Breki, mwanangu! Breki!" Mama alikuwa akisema hata penye barabara iliyonyooka. Kisha akaenda mjini, akakaa na mtahini mnene asiyecheka, akarudi na leseni ya masharti. Sasa angeweza kuendesha peke yake, ila si usiku, na bila kubeba mtu, mpaka siku atakapopata leseni kamili.

Mama yake, Heni, alikuwa na sababu ya kutaka binti yake ajue gari. Kisukari kilikuwa kimemwingia machoni. Kila mwezi alikwenda hospitali ya mjini kudungwa sindano kwenye jicho la kushoto, na siku hiyo hakuweza kuendesha. Daktari alimwambia waziwazi: akikosa sindano, jicho litakwenda, na likienda halirudi. Baba alikuwa migodini Australia. Kwa hiyo leseni ya Mereana ilikuwa ndiyo jicho la Mama.

Kila alasiri ilikuwa hivi. Mereana alishuka kwenye basi la shule, akabadilisha nguo, akampelekea bibi yake chakula ng'ambo ya mto, kisha akageuza gari kwenda marae, nyumba ya ukoo, kwenye mazoezi ya haka, ngoma ya jadi ya kuimba na kupiga miguu chini. Na kila alasiri aliwapita binamu zake wakitembea kwa miguu kandokando ya barabara hiyohiyo, kuelekea mazoezi hayohayo.

"Mpisheni, mpisheni! Mheshimiwa waziri anapita!" Kereama alipiga kelele huku akipiga saluti. Kereama alikuwa na miaka kumi na mitano, na mdomo wake haukuwa na likizo.

"Umebeba nini leo, Mere? Upepo?" aliendelea Kereama.

"Mwacheni," alisema Tawera, akamtazama Mereana kupitia kioo bila kucheka. "Anaogopa tutamchafulia viti vyake."

Hayo ya Tawera ndiyo yaliyouma. Tawera alikuwa mtoto wa mama mdogo, wamekua pamoja wakigombania shuka moja. Na Otarawai, kumpita ndugu yako barabarani nawe una viti vitupu ni kama kumfungia mlango mgeni wakati chungu kiko jikoni. Watu hawasahau jambo kama hilo.

Jioni ile Mereana alimwambia Mama, "Lakini wewe nakubeba."

"Mimi ni mama yako. Mzazi ameruhusiwa. Binamu hawakutajwa."

"Watu wanasema ndugu hawahesabiwi."

"Watu gani? Waje hapa waniambie mimi."

"Tawera ni dada yangu, Mama!"

"Ni dada yako, hilo sibishi." Mama aliendelea kumenya viazi vitamu, ameviinamia karibu kabisa ili avione. "Sheria haikuuliza unampenda nani. Wapungie mkono, upite. Watakuzoea."

Mereana akachukua kisu, akamsaidia kumenya. Lakini unajua maneno matamu yanavyokuwa. Yakishaingia sikioni yanatafuta pa kukaa.

Siku ya Alhamisi mvua ilinyesha, ile mvua ya ubavuni inayotoka baharini na kumchapa mtu usoni. Mereana aliwaona kwa mbali: Kereama amejifunika gunia, Tawera ameinamisha kichwa, na katikati yao Piripi, mdogo wake Tawera, mwenye miaka minane, viatu vimejaa maji. Safari hii hakuna aliyepiga saluti. Hawakumtazama hata kidogo. Walisogea tu pembeni wampishe.

Mereana akasimamisha gari.

"Ingieni."

"Na leseni yako?" aliuliza Tawera.

"Nyie si ndugu zangu? Ingieni, mvua inaingia!"

Waliingia kwa furaha iliyotikisa gari. Kereama alikaa mbele, akawasha redio, akaanza kupiga dashibodi kama ngoma. Nyuma, Piripi na Tawera walikuwa wakimalizia pakiti ya chipsi. Vioo vikapata ukungu kwa pumzi zao. Mereana alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kwa muda mrefu hakuwa amesikia kicheko ndani ya gari lile.

"Dereva, ongeza moto!" Kereama alisema. "Tutachelewa, Shangazi Parekura atatuchapa na ufagio."

"Mere, onja," alisema Piripi. Alikuwa amefungua mkanda wake ili afike mbele, akanyoosha mkono wenye chipsi moja mpaka mdomoni kwa Mereana.

Mereana aligeuza shingo aipokee. Kidogo tu.

Kabla ya marae kuna daraja jembamba linalopitisha gari moja. Upande wao kuna kibao chenye mshale mdogo mwekundu, na maana yake kila mtoto wa pale anaijua: wewe ndiye wa kusubiri. Mereana alikuwa amekitii kibao kile kila siku tangu ajue usukani. Alipoyarudisha macho barabarani, kibao kilikuwa kimeshapita, na lori la magogo lilikuwa katikati ya daraja, limewasha taa, linapiga honi.

Akakanyaga breki. Magurudumu yakateleza kwenye maji. Gari likazunguka, likagonga nguzo ya daraja kwa ubavu, likatumbukia mtaroni, kwenye majani ya kando ya mto.

Redio iliendelea kuimba. Halafu Piripi akaanza kulia, na Mereana alisema baadaye kwamba hajawahi kushukuru kusikia mtoto akilia kama siku ile.

Piripi alikuwa amerushwa mbele, katikati ya viti. Paji la uso lilikuwa linatoka damu, na mkono wake wa kulia umepinda pale ambapo mkono haupindi. Dereva wa lori alisimamisha, akaja mbio akiwa na koti lake, akapiga simu. Na Shangazi Parekura, msimamizi wa mazoezi yao, ambaye nyumba yake iko hatua chache kutoka darajani, alitoka akichechemea na fimbo yake, blanketi begani. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa nyonga mwaka uliopita, na mguu wake ulikuwa haujakubali kukanyaga pedali.

Alimfunika Piripi. Akamshika kichwa, akamwimbia kidogo. Kisha akamvuta Mereana pembeni.

"Nani mwingine alikuwa nanyi?"

"Hakuna, Shangazi."

"Hakuna mtu mzima?"

"Hakuna."

Shangazi alitazama barabara. "Nina leseni kamili tangu mama yako hajaolewa. Kama mtu mwenye leseni kamili alikuwa kiti cha mbele, kuwabeba hawa si kosa. Umenielewa? Nilikuwa kiti cha mbele."

"Ndiyo, ndiyo!" alisema Kereama, meno yakigongana. "Mimi nilikuwa nyuma na Tawera. Sote tutasema hivyo. Mere, mama yako ana sindano Jumanne! Wakikunyang'anya leseni, nani atampeleka?"

Akilini Mereana alimwona Mama amekaa jikoni na jicho moja. Akauona pia mkono wa Piripi juu ya blanketi, bado umeng'ang'ania pakiti ya chipsi iliyolowa.

Konstebo Hohepa alifika, mvua ikimtiririka kwenye kofia. Alikuwa binamu wa Mama. Krismasi iliyopita alikuwa amekaanga mikate nyumbani kwa bibi huku amevaa aproni ya maua. Alimtazama Piripi kwanza, akaongea na dereva wa lori, kisha akaja.

"Haya, binti yangu. Mko wangapi, na nani alikaa wapi?"

Shangazi Parekura alifungua mdomo. Mereana akamtangulia.

"Mjomba, mbele alikaa Kereama. Nyuma Tawera na Piripi. Mtu mzima hakuwepo. Shangazi ametoka nyumbani baada ya ajali, kutusaidia." Akamtazama Piripi. "Piripi alifungua mkanda kunilisha chipsi, na mimi nikageuka. Sikukiona kibao. Kosa ni langu."

Hohepa alitoa daftari lake. Dereva wa lori akatazama viatu vyake.

"Unajua nitaandika hayo yote?"

"Najua."

"Mezani kwa bibi yako mimi ni mjomba wako. Hapa nimevaa sare." Halafu akavua koti lake, akamfunika nalo mabegani. "Lakini hutatetemeka peke yako. Ingia kwenye gari langu upate joto."

Mama alifika hospitalini, walikopelekwa wote, akiwa bado na kofia ya kazini. Alikuwa ameletwa na mwenzake wa kiwanda cha kupakia matunda. Mereana alitegemea kelele. Mama alimshika tu uso kwa mikono yote miwili, akamsogeza karibu kabisa, kama anavyovisogeza viazi, akamkagua paji, mashavu, shingo.

"Uko mzima?"

"Mama, leseni yako... leseni yangu. Jumanne..."

"Nimeuliza uko mzima?"

"Niko mzima."

"Basi ngoja nilie kwanza. Maneno baadaye." Na akalia, paji lake limegusa paji la binti yake.

Kesho yake walikwenda wote wawili kwa mama yake Piripi, na sufuria ya supu ya kome. Mereana alisema kosa lake mbele ya watu wa nyumba ile, bila kumtaja Kereama wala mvua. Mama mdogo alisikiliza mpaka mwisho. Alisema alikuwa na hasira, na bado anayo, na itachukua muda kuisha. Kisha akamkabidhi Mereana kijiko amlishe Piripi, maana mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa plasta.

"Polepole," alisema Piripi. "Wewe ukilisha unaangalia pembeni."

Hata mama mdogo akacheka.

Mwisho wa wiki ile shauri la Mereana lilisikilizwa pale marae, badala ya mahakamani, na wazee wa ukoo pamoja na polisi. Hohepa alieleza yote, na akasema pia kwamba msichana huyu alipewa njia ya kukwepa na hakuipita. Shangazi Parekura aliinama. Waliamua Mereana alipe faini kwa kazi yake ya likizo, pointi za makosa ziandikwe kwenye leseni yake, na mpaka plasta ya Piripi itolewe asiguse usukani bila mtu mwenye leseni kamili pembeni yake. Leseni hawakuichukua. Ila mzee mmoja alimwambia, "Safari nyingine hatutaongea sana hivi."

Jumanne asubuhi, gari likiwa limenyooshwa bampa na lina taa moja ya kuazima, Shangazi Parekura alikuwa amesimama langoni kwa akina Mereana na mkoba wake.

"Sogeza kiti," alisema. "Mimi nina leseni, sina mguu. Wewe una mguu, leseni yako nusu. Tukikaa pamoja anapatikana dereva mmoja."

Mama alikaa nyuma, akadungwa sindano yake kwa wakati, akarudi amefunikwa jicho. Na tangu siku ile, Shangazi Parekura alikuwa akiwasubiri kila alasiri kwenye kituo cha basi la shule. Akishaketi mbele, mikanda imefungwa na ameikagua mmojammoja, binamu wote walikwenda mazoezini wakiwa wakavu. Plasta ya Piripi ilipokwisha kutolewa, siku ambazo nyonga ilimkatalia Shangazi kutoka, Mereana aliwapita, akapunga mkono. Kereama alijaribu tena saluti yake mara moja. Tawera akamkanyaga mguu.

Jioni moja Mama aliwakusanya jikoni, kwa sababu Kereama alikuwa karibu kutimiza miaka kumi na sita na alikuwa anajisifu kwamba mtihani wa maswali ataupita amefumba macho.

"Sikilizeni," alisema Mama. "Hii leseni inakuja kwa vipande kwa sababu akili ya barabarani nayo inakuja kwa vipande. Kwanza unajifunza na mtu pembeni. Halafu unakaa peke yako, kimya, usikie gari na uione njia. Watu wanakuja mwisho, ukishaweza kuwatunza. Mereana alitaka kuwapenda kabla hajaweza kuwatunza. Sikumlaumu kwa kupenda. Lakini alipoharibu, alisema kweli, hata pale kweli ilipokuwa inaweza kunigharimu jicho langu. Kwa hilo nalala usingizi. Mtoto anayesema kweli naweza kumkabidhi ufunguo tena. Anayefichwa na shangazi zake, siwezi."

"Nimekoma, Heni," alisema Shangazi Parekura kutoka kwenye kona.

Kisha Mama akamwambia Kereama achukue kalamu, na haya ndiyo aliyomwandikisha:

Usibebe mtu, hata ndugu, kama hakuna mwenye leseni kamili pembeni yako.

Usiendeshe baada ya saa nne usiku wala kabla ya saa kumi na moja alfajiri.

Usiondoke kabla kila mkanda haujafungwa, na wa mtoto uukague kwa mkono wako.

Usile, usishike simu, usigeuke nyuma gari likiwa linatembea.

Usiongeze mwendo kwa sababu mtu amekucheka.

Usiamini sheria uliyoisikia njiani. Nenda ukaisome.

Usimwombe mtu mzima aseme uongo kwa ajili yako, na akijitolea, mkatalie.