Mafua ya Mwezi Ujao

Kila Jumamosi saa nne asubuhi huwa naenda kwa Bibi Beryl, mama yake mama yangu. Ni mwendo wa dakika kumi tu kutoka kwetu, ukipita soko la mji wetu, Chesterfield, na kukata nyuma ya kanisa. Nikifika navua viatu, nawasha birika la umeme, kisha namuuliza, "Bibi, chai au kahawa?"

"Chochote tu, Tamsin. Usijisumbue."

Basi namtengenezea chai. Nimefanya hivyo tangu nilipokuwa na miaka tisa. Huwa anakunywa nusu, anasema ni tamu sana, na nusu iliyobaki inapoa mezani. Sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Familia yetu iko hivyo. Hakuna anayetaka kitu. Kipande cha mwisho cha keki hukaa kwenye sahani mpaka kikauke, kwa sababu kila mtu anamwachia mwenzake. Tunafundishwa tangu utotoni kwamba mtu mwenye adabu hachagui, na mimi niliamini hilo kabisa mpaka mwaka jana, nilipotimiza miaka kumi na miwili na kupewa kazi ya kupanga likizo.

Bibi alikuwa anatimiza miaka sabini na mitano mwishoni mwa Mei, wiki ambayo shule hufungwa. Mama na ndugu zake wawili, Mjomba Clive na Mama Mdogo Lorna, waliamua kwamba familia nzima, watu kumi na wanne, tukae siku nne Larkhanger, kijiji cha mapumziko kilicho ndani ya msitu wa misonobari. Pale watu hulala kwenye nyumba za mbao. Magari huachwa langoni, na ndani mnatembea kwa miguu au kwa baiskeli. Mama ni muuguzi na zamu zake hazitabiriki, kwa hiyo alinikabidhi mimi fomu ya kuweka nafasi.

"Wewe unapenda orodha," alisema. "Muulize kila mtu anataka nini, jaza, uniletee kabla ya Ijumaa. Na Tamsin, hii ni sikukuu ya Bibi. Yeye kwanza."

Nilijiona mkubwa. Nilichonga penseli mbili, nikampigia simu Mjomba Clive.

"Mjomba, mnataka nyumba iliyo karibu na bwawa la kuogelea au ile ya ndani msituni?"

"Sisi hatuna makuu, mpwa wangu. Panga tu."

"Sawa, lakini ipi?"

"Ile itakayowafaa wengine."

Nikampigia Mama Mdogo Lorna. "Popote, mwanangu," alisema. "Tusiwe mzigo kwa mtu." Nilimuuliza kuhusu baiskeli, akasema kama wengine wanapanda na wao watapanda. Nilimuuliza chakula, akasema wanakula kila kitu. Mwanawe Rufus, mwenye miaka kumi, ninayemjua vizuri, hukataa karibu kila chakula.

Jumamosi nilimuuliza Bibi mwenyewe. "Bibi, utapanda baiskeli pamoja nasi?"

"Baiskeli!" alisema. "Kumbe. Itakuwa raha kweli kwenu." Kisha akainuka kujaza maji kwenye birika, ambalo mimi nilikuwa nimeshalijaza.

Sikuelewa kama hiyo ilikuwa ndiyo au hapana. Ningeweza kuuliza tena. Sikuuliza.

Ilipofika Alhamisi fomu yangu ilikuwa bado nyeupe. Nilirudi kutoka shule, nikakaa nayo mezani, nikachoka. Kama hawataki kuchagua, nikasema moyoni, nitawachagulia. Mimi nilitaka nyumba ya ndani msituni, mahali ambapo kulungu huja mpaka barazani. Nikaiwekea alama. Nikaandika baiskeli kumi na nne. Palipoulizwa kuhusu mbwa nikaandika hapana, maana hakuna aliyeniambia habari za mbwa. Jioni Mama akaichukua fomu, akaisoma.

"Umemuuliza kila mtu?"

"Ndiyo."

"Na Bibi amekubali baiskeli?"

Nilitazama mafuta ya samaki yaliyomwagika kwenye kitambaa cha meza. "Amekubali," nikasema. "Amefurahi sana."

Mama alinibusu kichwani, akatuma fomu. Busu lile lilinikosesha raha.

Siku iliyofuata alituma mpango kwenye simu za wote. Majibu yalikuja mbio, na mioyo mingi myekundu. Safi sana! Hongera Tamsin! Nikavuta pumzi. Kisha mambo yakaanza kunichanganya.

Kwanza Mjomba Clive aliuliza Monty atalala wapi. Monty ni mbwa wake, mkubwa kama ndama, na kumbe Mjomba hakuona haja ya kumtaja, kwa kuwa huenda naye kila mahali. Mama akamjibu kwamba nyumba ile haikubali mbwa. "Hakuna neno kabisa," Mjomba akaandika. "Sisi watano tutalala nyumbani, tutakuwa tunakuja mchana." Kutoka kwao mpaka Larkhanger ni mwendo wa saa moja na nusu!

Halafu Mama Mdogo Lorna akasikia habari za Monty. "Mbwa huyo nampenda sana," akasema kwenye simu, "ila nyumba ina madirisha yanayofunguka?" Rufus ana pumu, na manyoya ya mbwa humbana kifua. Mama alipomwambia madirisha yapo, akasema, "Basi labda sisi wanne tutakuja siku moja tu. Msijali."

"Hakuna neno," Mama akamjibu, huku uso wake ukionyesha kwamba neno lipo.

Nilihesabu kwa vidole. Watu kumi na wanne walikuwa wamebaki watano. Kila mtu alikuwa amefurahi, kila mtu alikuwa anatushukuru, na kila mtu alikuwa anarudi nyuma taratibu kwa adabu. Sikuelewa hata kidogo. Nani alikuwa amekasirika? Hakuna. Sasa kwa nini likizo ilikuwa inayeyuka?

Jumamosi nilikuwa jikoni kwa Bibi, naye yuko bafuni, mlango wa nyuma ukafunguka. Alikuwa Bi Pickering, jirani yake, amerudisha bati la keki.

"Mwambie bibi yako nimeshukuru," alisema. "Na paka wake sitahitaji kumlisha tena, kwa kuwa haendi."

"Haendi wapi?"

"Huko msituni kwenu. Siku hiyo atakuwa na mafua."

Nilimtazama. "Mafua ya mwezi ujao?"

Bi Pickering aliona amelikoroga. Akaweka bati chini polepole. "Usinitaje, Tamsin. Anaogopa kuwaharibia. Nyonga yake ile, mwanangu, akienda dukani tu anapumzika mara mbili njiani. Na wewe umemwandikia baiskeli."

Alipoondoka nilibaki nimesimama na kikombe mkononi. Nilisikia aibu mpaka masikio yakawaka. Sikukuu ilikuwa ya Bibi, na Bibi ndiye aliyekuwa anajitafutia ugonjwa ili tusisumbuke naye. Nilimpelekea chai yake. Akasema ni tamu. Sikuweza kumtazama.

Jumapili ya kwanza ya kila mwezi wakubwa hula mchana kwa Bibi, na mimi huenda pamoja nao. Siku hiyo walikuwapo Mjomba Clive, Mama Mdogo Lorna, Mama na mimi. Kulikuwa na nyama ya ng'ombe ya kuoka, viazi, kabichi na mchuzi mzito. Walikuwa wanasifu viazi kwa mara ya nne, na hakuna aliyegusa habari za Larkhanger. Nikaweka uma chini.

"Nilidanganya," nikasema.

Mjomba Clive akarudisha bakuli la viazi mezani.

"Mama, nilikuambia Bibi amekubali baiskeli. Hakukubali. Na ile nyumba hakuna aliyeichagua, niliichagua mimi kwa ajili ya kulungu. Fomu nzima nilijaza mwenyewe."

Mama akanigeukia. "Kwa nini, Tamsin? Nilikuuliza usoni kabisa."

"Nilichoka. Kila mtu anasema lolote tu, popote tu. Sijui mnataka nini!" Na hapo nikaanza kulia, jambo ambalo sikulipanga.

"Lakini mimi nilikujibu vizuri," alisema Mjomba Clive.

"Ulisema, 'Panga tu!'"

Bibi aligonga meza kwa kijiko. Uso wake ulikuwa mwekundu. "Kalete karatasi, mjukuu wangu. Utatuuliza upya hapa hapa. Na atakayesema lolote tu, ataosha vyombo vyote."

Nikafuta pua, nikatoa penseli. "Mjomba, nyumba ya karibu au ya mbali?"

"Mimi yoyote t..."

"Vyombo!" wakapiga kelele Mama na Mama Mdogo Lorna kwa pamoja, na Mjomba akacheka mpaka akapaliwa na mchuzi.

Baada ya hapo yakafunguka. Mjomba alitaka nyumba inayokubali mbwa, hasa kwa kuwa Monty amezeeka na huenda asifike mwaka mwingine. Mama Mdogo Lorna akasema, huku anakunja kitambaa chake, kwamba kila Krismasi Rufus hukohoa wiki nzima kwa sababu ya Monty, na hajawahi kuthubutu kusema.

"Miaka yote hiyo, Lorna?" Mjomba aliuliza. "Si ningemwacha mbwa nje!"

Mwisho nikamgeukia Bibi. Akashusha pumzi.

"Sitaki baiskeli. Naziogopa. Nilitaka kusema nina mafua, Mungu anisamehe. Nataka asubuhi niamke nisikie kelele zenu nyote. Na nataka kuogelea."

"Kuogelea?" Mama akashangaa.

"Nilikuwa naogelea kila Jumanne kabla hamjazaliwa. Majini nyonga haiumi. Mbona hakuna aliyeniuliza?"

Mama akamshika mkono.

Jumatatu baada ya shule Mama alinipa simu. "Uliharibu wewe, utatengeneza wewe," alisema. Nikamweleza mwanamke wa ofisi ya Larkhanger ukweli wote. Alikuwa mwema. Zilikuwa zimebaki nyumba mbili zinazopakana, moja ikiwa ya watu wenye mbwa, zote hatua chache kutoka bwawani. Kulungu huko hawafiki. Nikasema tunazichukua. Akaniambia pia wana baiskeli ya magurudumu matatu yenye kiti cha abiria mbele, nikamwambia asubiri kwanza nikaulize.

Jumamosi nilimweleza Bibi yote. Alinikalisha karibu naye.

"Ulimdanganya mama yako, na hilo ni kosa, usilirudie," alisema. "Kazi ukipewa, ifanye mpaka mwisho hata kama inachosha. Lakini sisi wakubwa tulidanganya kabla yako, tukaita ni adabu. Mtu anayekupenda akikuuliza unataka nini, mwambie kweli, kwa upole. Ukimficha, unamwacha abahatishe, na mwisho mnaumia wote wawili."

"Na ile baiskeli yenye kiti, Bibi?"

Akafikiri. "Nitajaribu mara moja. Nikipiga kelele, unishushe."

Tukacheka. Niliinuka kuwasha birika. Nikageuka mlangoni.

"Bibi, chai au kahawa?"

Alifungua mdomo, nikaona lile neno la siku zote linakuja. Akalimeza.

"Kahawa," alisema Bibi. "Chai sijawahi kuipenda."